Pedali Isiyorudi

Jumanne, 1 Julai

Viazi gunia arobaini, karoti kumi. Nimeondoka Oldonyo Sambu saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kukata masikio. Pedali ya mafuta ngumu tena. Kuikanyaga ni kazi, na nikiinua mguu inarudi polepole, inajivuta kama mzee anayeinuka kitini. Wiki ya tatu hii. Jua likishapanda inakuwa laini, nami nasahau. Nimejiambia ni uzee tu. Lori hili karibu tulingane umri.

Mama Neema alikaa mbele na mimi kama kawaida, mjukuu mapajani. Wanawake sita juu ya magunia. Najua hairuhusiwi. Lakini siku ya kupeleka mzigo hakuna gari jingine, na wananiamini kwa kuwa ni binti wa kwao. Naendesha tangu Mei, dereva wa Baba alipohamia Dodoma. Baba alinipa ufunguo.

Alhamisi, 3 Julai

Leo nusura niue watu.

Mteremko kabla ya Ngaramtoni. Niliinua mguu, pedali ikabaki chini. Lori likaendelea kuvuta. Mbele punda wanne na madumu ya maji, mama mmoja nyuma yao na fimbo. Klachi. Breki kwa nguvu zangu zote. Injini ikapiga yowe. Tulisimama hatua tatu kutoka kwa punda wa mwisho, na injini bado inalia. Ndipo nikaingiza ncha ya kiatu chini ya pedali, nikaivuta juu.

Wanawake wa juu walicheka, walidhani nawachezea. Mama Neema hakucheka. Alimfunika mjukuu kichwa kwa khanga, akatazama mbele. Jasho jembamba lilinitoka. Nikaendesha polepole hadi mjini.

Sikuwaambia kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Hapa kingewaumbua wao.

Ijumaa, 4 Julai

Gereji, Ngarenaro. Fundi Shirima, ndiye anayelijua lori hili tangu zamani. Nilifika saa saba mchana, jua kali. Akakanyaga pedali mara ishirini. Laini. Inaruka juu yenyewe. Akanitazama, akasema, "Dada, pedali haina shida. Shida ni mguu." Gereji nzima ikacheka. Nilitamani kumtupia spana.

Nilikataa kuondoka, kwa hiyo akabadilisha springi na kudondoshea waya wa pedali oili kidogo, ili aondokane nami. Nimerudi nyumbani pedali ikiwa laini kabisa. Sasa najishuku. Labda kweli ni mguu wangu. Hilo linanitisha zaidi. Pedali hutengenezwa.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda ibada ya kwanza. Kulipoanza kupambazuka nilitoka na tochi, nikapanda lorini, nikakanyaga pedali injini ikiwa imezimwa. Ikabaki chini. Na springi mpya.

Si mguu wangu! Nilifurahi kama mjinga, halafu hofu ikanishika upya. Nikalala chali chini ya usukani. Pale waya unapoingia kwenye mrija wake kuna utando mweupe, mgumu, umechanganyika na vumbi letu la huku. Nikaukwangua kwa ukucha. Nikanusa.

Mafuta ya kondoo.

Harufu hiyo siwezi kuikosea. Nilinyweshwa vikombe kwa vikombe nilipojifungua. Usiku wa baridi yanaganda, jua likipanda yanayeyuka. Ndiyo maana Shirima hakuona kitu.

Nani apake mafuta ya kondoo kwenye waya wa lori? Najua nani. Sitaki kujua.

Baadaye, siku hiyo hiyo. Jioni huwa niko jikoni, nyuma ya nyumba. Leo nilikaa dirishani. Saa kumi na moja Baba alikuja na kibuyu chake kidogo. Alivua kofia kabla ya kufungua mlango wa lori. Akapaka usukani. Akapaka kiti. Akainama, na magoti yake yale yanayomuuma, akapaka pedali, kisha akaufuata waya kwa kidole hadi kidole kiliposhindwa kufika. Midomo yake ilikuwa inasali.

Ndivyo anavyobariki. Mtoto mchanga, bi harusi, mlango wa nyumba mpya. Tangu Mei ananibariki mimi. Anaiogopa barabara ile kuliko mimi, na hajawahi kuniambia.

Nimekaa na shajara hii hadi chai imepoa. Nampenda, na karibu aniue.

Jumatatu, 7 Julai

Nilimpigia Shirima jana, nikamtaka aje aione ikiwa baridi. Amekuja kwa pikipiki kabla ya jua, amejifunga kitambaa usoni. Akakanyaga. Ikabaki. Hakutania tena. Ameniomba radhi, tena vizuri.

Ametoa waya wote, ameweka mpya, ameosha bawaba ya pedali kwa dizeli. Akauliza nani aliyepaka mafuta haya. Nikasema sijui. Baba alikuwa amesimama zizini, anasikia.

Jumanne, 8 Julai

Sikusafirisha leo. Nimemwambia Baba.

Nilimpa shikamoo, nikammiminia chai, kisha nikasema yote nikitazama sakafu. Pedali, punda, mjukuu wa Mama Neema, mafuta yanavyoganda. Aliuliza jambo moja tu: "Mlikuwa wangapi?" Nikasema tisa, nikiwemo mimi. Akaweka kikombe chini. Hakumaliza chai.

Jioni hakutoka nje. Kibuyu hakipo mahali pake. Najiona mkatili. Ningenyamaza pia ningekuwa mkatili.

Alhamisi, 10 Julai

Gunia thelathini na nane. Pedali nyepesi, inafuata mguu ukiinuka. Kabla hawajapanda niliwaambia wanawake kilichotokea wiki iliyopita, kasoro jina. Wawili wakashusha mizigo yao. Siwalaumu. Mama Neema aliingia mbele na mjukuu, akafunga mlango.

Baba hakuja kuniaga. Injini inanguruma, mguu uko kwenye klachi, na siwezi kuondoka. Lori ni zima kuliko lilivyowahi kuwa tangu nilishike, nami naogopa kuliko siku ya punda. Sijui kulieleza hilo kwa fundi yeyote.

Nikashuka. Alikuwa ameketi kando ya moto, mgongo mlangoni. Nikazunguka, nikainamisha kichwa mbele yake kama nilivyofanya utotoni. Akakawia. Nje wanawake walikuwa wananiita. Nikaendelea kuinama.

Kisha akaweka mkono juu ya kichwa changu. Ulikuwa mkavu, unanukia sabuni.