Shangazi Mosi katika Sura ya Tisa

Pangani,
11 Februari 1972

Binamu yangu mpenzi Mwanamvua,

Pokea salamu, na uzigawe nyumba nzima kama unavyogawa karipio. Shangazi, mama yako, mpe shikamoo yangu kwanza, kabla hajauliza. Mimi sijambo, ila chaki za shule zimenikausha koo na chumba nilichopanga kinavuja.

Nimemaliza kile kitabu kinene cha Mrusi mara ya pili. Najua utanicheka. Wewe na yule Bibi Mwingereza wako wa riwaya mmezoeana: kila binti lazima aolewe, kila mkorofi aaibike, mwisho wanakunywa chai. Mrusi hana huruma hiyo. Ukimpenda mtu kitabuni mwake ujue atakufa, na akishakufa unabaki umekaa tu, chai yako inapoa. Mimi nataka kuandika hivyo. Nataka mtu asome Kiswahili changu asahau chai yake. Je, wewe umeshaanza kuandika, au bado unajifanya huna la kusema?

Sura ya nane ya kitabu changu hii hapa. Wasomee barazani kama kawaida. Mwambie shangazi jina lake nimeliacha vilevile alivyotaka, Bi Mosi wa Bagamoyo, mwosha maiti, hodari wa maneno. Nina shida moja. Mimi mwanamume, sijui maiti wa kike anaoshwaje. Muulize shangazi, tangu mwanzo hadi mwisho, uniandikie. Nayataka kwa sura ya tisa.

Ni mimi binamu yako,
Msabaha

*

Bagamoyo,
26 Februari 1972

Binamu Msabaha,

Shikamoo yako mama kaipokea, anasema marahaba. Anauliza kama unakula au unaandika tu. Sisi wazima, isipokuwa presha ya mama inapanda na kushuka. Daktari kamkataza chumvi, naye kamkataza daktari.

Sura ya nane nimeisoma barazani, akina mama wanasuka ukili wao wa mikeka wanasikiliza. Pale Bi Mosi anapomfukuza mchumba mwenye meno ya dhahabu palizuka ugomvi. Bi Khairat jirani yetu anasema angemkubali, meno si tabia. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Akasema, "Huyu mwanangu kanizaa mara ya pili." Tangu umtie kitabuni hatembei tena, anaringa. Juzi alikwenda msibani Mlingotini, akawaambia watu wa huko wamwoneshe heshima maana anaandikwa.

Ya kuosha kanieleza yote huku anamenya mananasi tuliyoletewa kutoka Kiwangwa. Maji ya majani ya mkunazi kwanza, mwisho maji ya karafuu maiti. Nywele misokoto mitatu, itupwe nyuma. Sanda ya nguo tano. Maji yasiwe ya kuunguza, yawe kama ya kumwogesha mtoto. Mwosha asimseme marehemu kwa alichokiona mwilini mwake. Na kubwa kuliko yote, kasema, aoshwe na mtu wake. Mtu wa mbali ana mkono wa haraka.

Kuhusu Bibi wangu Mwingereza, wewe unadhani anaogopa kifo. Haogopi. Anajua tu kwamba sisi tunaosoma tunaishi na wale watu wake, tunawakuta jikoni na kisimani. Huwezi kumwua mtu kwa sababu tu unajua kuandika msiba vizuri.

Mimi siandiki. Asubuhi nyumba, jioni nafundisha kisomo cha watu wazima, vizee wananiuliza kwa nini herufi ina mkia. Mwandishi naye anahitaji msomaji. Ila nakuomba usimwue yule baharia wa kitabuni mwako, nimemzoea.

Binamu yako,
Mwanamvua

*

Pangani,
20 Machi 1972

Binamu,

Hamjambo? Mimi sijambo, na zaidi ya sijambo. Sura ya tisa imetoka! Baharia wako yu salama, usihofu.

Sijapata kuandika hivi maishani. Niliandika huku nalia, watoto wa shule wakadhani nimefiwa. Nakuomba jambo moja, na unitendee kwa hisani yako: usiisome kwanza peke yako. Ifungue hapo hapo barazani, mbele ya shangazi na wenzake, kisha uniandikie nyuso zao zilikuwaje. Mrusi mwenyewe angenivulia kofia.

Binamu yako mwenye furaha,
Msabaha

*

Bagamoyo,
2 Aprili 1972

Msabaha,

Salamu. Ya hali yako sikuulizi, niliisoma kwenye karatasi zako.

Nilifanya ulivyotaka. Nikafungua mbele ya watu. Nilipofika pale Bi Mosi anapoanguka uani nikakunja karatasi. Mama akasema, "Soma." Nikasoma. Nikasoma anavyokata roho. Nikasoma binti yake yuko Dar es Salaam hakuitwa kwa wakati, na kijana aliyemlea yuko ng'ambo ya mto hakuja. Nikasoma waosha wa kukodi walivyomgeuza wakizungumza habari za soko. Yale maji, misokoto, nguo tano, vyote alivyokueleza kwa mdomo wake mwenyewe ukamfanyia yeye. Bi Khairat akasema, "Uchuro huu," akakunja ukili wake akaondoka, na wengine wakamfuata. Nikabaki na mama. Akaniuliza, "Niliowalea walikuwa wapi?"

Swali hilo ni lako, Msabaha. Sura si yangu.

Tangu siku hiyo chakula anaonja tu. Anamwambia kila ajaye, "Mtoto niliyemlea kanikalia matanga nami ni hai." Watu barazani hawaji, wanaogopa. Amesema, nami nakuandikia kama alivyosema: radhi yake huna mpaka umwinue. Anataka sura nyingine, Bi Mosi ainuke, na wewe uwepo. Iandike, umpe mtu wa basi la kwanza. Usinijibu habari za Warusi.

Mwanamvua

*

Pangani,
15 Aprili 1972

Binamu yangu,

Natumaini shangazi anapata nafuu. Mpigie magoti kwa niaba yangu. Wallahi sikukusudia kumchuria. Mimi nilimpenda ndiyo maana nikaweza kuandika vile. Yule anayekufa mle ni mtu ninayemwogopea kuliko wote duniani, na nilikuwa naandika hofu yangu.

Nimejaribu kumwinua, Mwanamvua. Nimekaa, nimeandika, nimechana. Kila akiinuka anainuka kama mwanasesere, na kitabu chote kinakuwa mzaha. Ningekuwa mwongo mbele ya kila atakayekisoma. Hii ndiyo sura pekee niliyoiandika nikaona kwamba mimi ni mwandishi kweli. Unanitaka niivunje kwa mkono wangu?

Mwambie ni hadithi tu. Mbembeleze. Masika yameharibu barabara, na mitihani iko karibu, ila shule zikifungwa Juni nakuja mwenyewe, nitamlalia miguuni anikanyage akitaka. Nipe muda mpaka hapo.

Binamu yako,
Msabaha

*

Pangani,
9 Mei 1972

Binamu,

Mbona kimya? Sijambo kwa mwili, kwa moyo sijui. Wiki nzima sikufundisha la maana. Nimekubali. Mwambie shangazi nimekubali, nimeanza kuandika, ainuke hata kama mwanasesere, na mimi nipo pembeni nimeshika birika. Nimefika katikati. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Msabaha

*

Bagamoyo,
20 Mei 1972

Binamu yangu Msabaha,

Salamu za kheri. Sijui kama simu ya maandishi imekufikia. Niliipeleka posta siku ile ile, wakaniambia nyaya za huko zimeanguka kwa mvua. Kama haikufika, basi kaa chini ndipo usome.

Mama alifariki Jumamosi tarehe sita, asubuhi, kwa presha. Barua yako ya kwamba umekubali imenikuta nami nimeshamaliza matanga. Ulipokuwa unaiandika, yeye alikuwa na siku tatu kaburini.

Hukumwua wewe. Daktari anasema moyo ulikuwa umechoka tangu mwaka jana, na chumvi ile unaijua. Nakwambia haya kwanza maana najua utakavyojilaumu.

Ile barua yako ya Aprili ilipofika mama aliniona nimeishika. Akauliza, "Kaleta?" Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Nikaiangalia barua, nikaona maneno yako ya Juni. Nikamwambia, "Kaleta, mama. Ngoja niipange." Nikaenda jikoni na karatasi za kisomo, wali ukaungua, nikaandika. Sikumfikiria Mrusi wala Bibi. Nilimsikiliza mama tu, anakohoa chumba cha pili.

Nikamsomea kwa jina lako. Bi Mosi kalazwa, wale waosha wa kukodi wanammwagia maji ya moto, naye akakaa kitako akawaambia, "Maji haya mnanyonyoa kuku? Tokeni! Binti yangu yuko wapi, na Msabaha nani kamficha?" Nasi tukaingia mbio, wote wawili, tumechelewa, tukala matusi yetu. Mama alicheka hadi machozi. Akataka irudiwe. Siku ya pili akaita watu, Bi Khairat akaja na ukili wake, nikaisoma mara ya tatu. Mama akasema mbele yao wote kwamba Msabaha ana radhi yake duniani na akhera. Jioni hiyo alikula wali na samaki, akaomba na pilipili.

Nimemwosha mimi. Bi Khairat alinielekeza, mikono ilikuwa yangu.

Radhi ni yako, binamu. Kaitoa kwa jina lako, nami sina uwezo wa kuihamisha, wala sikutaka. Ila nilikukasirikia sana pale jikoni, na bado hasira haijaisha, na ninakulilia pia ulivyo peke yako huko. Barabara ikipitika njoo, chumba chako kipo.

Sura yako ya tisa iache kama ilivyo. Ni nzuri. Nimesoma vitabu vingi nami najua. Mimi sitaisoma tena.

Ya kwangu usiniombe uitie kitabuni mwako. Nimeandika na sura inayofuata.

Binamu yako,
Mwanamvua