Nani Amerudisha Platini Kwenye Gari Langu?

Ijumaa. Manyunyu toka asubuhi, Louisville nzima imelowa, na mimi nimefura.

Kesho gari langu kuukuu, linalonizidi umri, linatakiwa kumbeba Neema, binti ya dada yangu, kwenda kufunga ndoa Columbus, mtaa wa Linden. Jumapili nilishinda nalo. Nikatoa platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyotoa cheche na kususa kila unyevu ukija, nikaweka kifaa cha elektroniki. Nilijifunza kwa video na kwa kuharibu. Likawaka mara moja. Nikapiga kigelegele peke yangu pale parkingi.

Leo asubuhi limekohoa, likanyamaza. Wazee ninaowahudumia wamecheleweshewa chai kwa sababu yangu.

Niliporudi nikafungua boneti. Platini hizo hapo, zinanichekea.

Kifaa changu kipya kilikuwa kwenye kiti, kimefungwa plastiki ya jikoni kama kiporo.

Ni Deo, mdogo wa mume wangu. Jana nilimwachia ufunguo alisogeze gari. Alisogeze tu! Nilipompigia, wala hakukana.

"Bon, shemeji, nilikusaidia. Hiyo yako ikikufia ku njia, utasugua nini? Platini unapiga msasa, unaenda."

"Nilikuomba msaada lini, Deo?"

"Donc, sasa fundi ni wewe?"

Nakiri, kuhusu msasa hajakosea. Kwetu Uvira watu walizisugua kwa ubavu wa kiberiti na wakafika nyumbani. Kifaa changu kikifa, kimekufa. Na ndiyo maana nimezidi kukasirika.

Lakini kinachomwogopesha Deo si gari kufa njiani. Kwenye misafara yetu ya harusi, anayejua kulifufua gari hili ndiye anayeliendesha, suti imenyooka, na kamera humkuta yeye kabla ya bibi harusi. Miaka yote ni yeye. Sasa gari limepona, atakaa wapi?

Kwa hiyo ameliua ili alifufue.

Nimerudisha kifaa changu, mvua ikinidondokea shingoni. Likawaka. Nikalizima, nikaliwasha tena, kwa hasira tu.

Kisha nikampigia Neema: dereva ni mimi. Akauliza, "Tantine, gauni langu litaenea huko nyuma?"

Litaenea. Deo nimemwombea nafasi kwenye basi la kwaya.