Adelgunda Hakubebwa kwa Machela

Dada Eustadia, shikamoo. Kahawa imechanua, na juzi nilimfukuza chui kwa mwiko, uliza Kihanga nzima.

Binti yako Adelgunda alikunywa dawa ya miti kutoa mimba, damu ikawa haikatiki. Wabeba machela wangeuliza anaumwa nini. Nikaona aibu, nikambeba mgongoni peke yangu mpaka misheni. Mwanamume gani mwingine angeweza? Lakini nilipumzika mara nyingi mno. Sista akanikaripia: “Mzee, kwa machela angefika asubuhi!”

Wamemsafisha, ila homa haishuki. Dada, naogopa sana. Anakuita wewe. Njoo upesi, na ukifika usimwulize mimba ilikuwa ya nani. Mshike mkono tu.

Mdogo wako anayekungoja mlangoni,
Melkiory