Ndita za Mama Kaza

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Huku salama, karakana imejaa vumbi la mawe vilevile ulivyoniachia, na wateja hawajatukimbia.

Zahanati imeniagiza kibao cha kumbukumbu ya mama, cha kuwekwa mlangoni pa wodi ya wazazi. Maandishi hayanisumbui. Wanataka na sura yake, na hapo ndipo penye kazi. Nimejaribu kwenye vipande vilivyobaki karakanani. Sura ya wino juu ya bati ilipendeza kweli, nikampa yule mama msafishaji wa zahanati aisugue anavyosugua kuta zake; ikatoka upara. Shaba ya kuchonga ataing'arisha kila wiki mpaka pua iishe. Imebaki leza kwenye jiwe jeusi, mashine inachoma sura kwa vitone vyeupe, na kwa hiyo msafishaji hafui dafu. Nimechagua jiwe. Nakutumia kipande cha majaribio utoe baraka.

Binti yako, Fundi Mkuu

11 Machi

Mwanangu Fundi Mkuu (cheo hicho kakupa nani?),

Marahaba. Nakula, nalala, goti linalalamika mvua ikikaribia tu. Kaka yako anakusalimu.

Jiwe umechagua vizuri, sina la kuongeza. Ila niambie, huyu mwanamke mpole ni nani? Kaka yako ameuliza ni ndugu wa upande gani. Mama yako hakuitwa Kaza bure. Mtu akifika wodini analia kwamba anakufa, mkunga wetu alikuwa anakunja uso na kumwambia, "Kaza, mama, hapa hafi mtu." Uso ule ndio uliozalisha mtaa mzima. Ukiwawekea huyu wako, watamwamkia halafu waendelee kulia.

Baba yako

16 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole ya goti. Mimi mzima, ila barua yako imenichekesha kisha ikaniliza.

Picha tuliyo nayo ni ile moja, iliyokunjwa katikati, na mkunjo unapita kwenye paji la uso wake. Mashine haijui karatasi wala ngozi. Jaribio la kwanza lilimtoa na kovu la panga. Nikaufuta mkunjo kwenye kompyuta, kumbe nimefuta na ndita zake.

Jiwe lenyewe nimeshalichoma, limebaki paji tupu, na pale panataka kalamu ya chuma na mtu anayekumbuka. Njoo uzichonge wewe. Mkono wangu nauamini, lakini sijui tena ndita zile zilikaaje. Baba, naanza kumsahau mama.

Binti yako

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti limekataa safari, nami silibembelezi. Futa machozi.

Ndita zilikuwa mbili, ya kushoto ndefu kuliko ya kulia. Unajua nimekumbukaje? Siku niliyokosoa herufi za kibao chako cha kwanza, uliniangalia mpaka nikarudi nyuma, nikidhani ni yeye. Na unazikunja kila ukishika kalamu ya chuma. Miaka yote ile nimefanya kazi mbele yako ukinikunjia, nikanyamaza, maana nilizoea. Weka kioo mezani, anza kuchonga, utamwona. Mwenye macho haambiwi tazama, ila wewe nakuambia.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti na mwenyewe mmepatana. Mimi ni mzima kabisa.

Kibao kiko ukutani. Msafishaji amekisugua kwa nguvu zake zote, akasalimu amri. Nilikuwa bado nahangaika na skrubu ya mwisho, inanigomea, alipoingia msichana mmoja ameshika kiuno, analia kwamba safari hii haponi. Akatazama jiwe, akanitazama mimi, akaacha kulia.

"Huyo ni wewe?"

"Ni mama yangu," nikamwambia. "Kaza, mama, hapa hafi mtu."

Akaingia kwa miguu yake. Jioni muuguzi akanipigia simu: mama mzima, mtoto wa kike, na amekunja uso kutushinda sote.

Binti yako, Kaza Mdogo