Jina la Mrithi

Jumanne, Homa Bay

Basi nimegawa. Akiba yote ilikuwa imelala kwenye vitambaa vya duka, na wateja wanavyopungua hivi nimekosa usingizi. Sehemu nimeiacha dukani, sehemu nimenunua ploti ndogo Rodi Kopany, na iliyobaki leo nimeipeleka kwenye mfuko wa uwekezaji usio na riba.

Kilichoniudhi ni fomu. Karani akauliza, "Mama, mrithi tuandike nani?"

Mume wangu ni marehemu, na watoto hatukujaaliwa. Nikatoka nje kumpigia dada yangu, Mombasa. Hatukuwa tumesemezana tangu nilipokataa kurudi kwetu baada ya matanga ya mume wangu. Nilitaka nambari ya kitambulisho chake tu.

"Nani amekufa?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hakuna. Nataka kukuandika mrithi wangu."

Akasema, "Pesa zako sizitaki. Umekula?"

Sikuwa nimekula, lakini nikasema ndiyo.

Akanisomea nambari polepole, mara mbili. Nilikuwa nimeshaiandika yote, ila nikamwomba arudie tena.