Yeyo, Daktari Aliniuliza Juu Yako

Mpendwa Yeyo, mama yangu uliyetangulia,

Nimeinamisha kichwa. Sema "Takwenya" huko uliko, unishike utosini vile ulikuwa unanisalimu, nami nimeshaitika "Iko."

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa Noonkopir, mchana, wakati wateja wa maziwa wamepungua. Nakuandikia kwa sababu sina mahali pengine pa kukutaja. Tangu tukuzike, mpaka jana hakuna mtu wa kwetu alikuwa ametamka jina lako. Ndiyo desturi, aliyeenda haitwi. Nimeishika hata baada ya kuolewa na mtu wa Murang'a, na kwao, si unajua, bibi akifa jina lake linapewa mtoto na watu wanaliita kutoka asubuhi mpaka jioni. Msichana wetu wa pili angepewa jina lako. Nilikataa, tukamwita Faith. Mume wangu hakuniuliza sana. Alifikiri ni uchungu.

Sasa, Yeyo, huko kunyamaza kumenifikisha mahali naogopa. Naogopa vile sijawahi kuogopa tangu siku ile yako.

Wacha nikueleze polepole. Damu ilinisumbua muda mrefu, mpaka nikawa napanda hizi ngazi za nyumba nikishika ukuta. Nikaenda hospitali kule Kajiado, wakaona uvimbe, wakanipasua. Walitoa tumbo la uzazi pamoja na vile vifuko viwili vya mayai. Uvimbe ukapimwa, wakasema si saratani. Nililia pale kitandani nikimshukuru Enkai kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, hata Kikikuyu kidogo, nisimwache Mungu yeyote wa ndoa yangu nje.

Kidonda kilipona, lakini likaja joto. Yeyo, joto hilo halina adabu. Linaanzia kifuani, linapanda shingo, uso unawaka, nguo zinalowa, halafu unatetemeka baridi. Siku moja lilinishika kanisani katikati ya maombi. Nikainuka nikijipepea na Biblia, jasho linatiririka, miguu haitulii. Mama mchungaji akaniona akapaaza sauti, "Mguse, Bwana! Mguse zaidi!" Nikasema moyoni, Bwana, tafadhali, usizidishe. Kina mama wote walinizunguka wakiniwekea mikono kichwani, wakiongeza joto. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushikilie benchi.

Nikarudi Kajiado. Daktari wangu ni msichana mdogo, angeweza kuwa mtoto wangu, na huwa haongei na simu mkononi. Akaniambia, "Mama, vile vifuko ndivyo vilikuwa vinatengeneza homoni inaitwa estrojeni. Kwa kawaida inapungua pole pole mtu akizeeka. Yako imekatika ghafla, ndio maana mwili unashtuka. Na wewe bado ni mdogo kukaa bila hiyo. Mifupa inaweza kudhoofika, hata moyo. Nataka kukurudishia kwa vidonge."

Nikafurahi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Lakini niambie kwanza. Kwenu kuna mtu amewahi kuugua saratani ya matiti? Mama? Dada? Mama mdogo?"

Na mama mdogo, mdogo wako wa mwisho, alikuwa ameketi pale pale kando yangu. Alikuwa amekuja kutoka Bisil kunisaidia tangu nipasuliwe. Alikuwa amekumbatia chupa ya chai. Hakunitazama, alikaza tu hiyo chupa kama mtu anayeshikilia mtoto asianguke.

"Hakuna, daktari," nikasema.

"Mama alikufa na nini?"

"Kifua."

Hivyo ndivyo ulitufundisha kujibu, Yeyo. Majirani wakiuliza, kifua. Kanisani wakiuliza, kifua. Wala sikuhisi kama ninadanganya. Mdomo ulifunguka wenyewe.

Unakumbuka siku za soko pale Bisil? Ulikuwa unanituma kuosha vibuyu, kisha unavisugua ndani na kijiti kinachofuka moshi mpaka maziwa yanukie vizuri. Tulikaa kando ya mbuzi, wewe na shuka lako jekundu, mimi na kikombe cha kupimia. Yule mzee wa ng'ombe alikuja kila soko, akaonja, akafikiri, akaonja tena. Ukamwambia, "Baba, wewe unaonja ama unanyonya? Ukimaliza kuonja uje nikufunge na ndama." Watu walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Naye akanunua kibuyu kizima kwa aibu. Ulikuwa na mdomo, Yeyo. Hakuna jambo ulishindwa kulisema, isipokuwa hilo moja.

Nakumbuka tulikuwa tunaoga nyuma ya nyumba, na nikikusugua mgongo mkono wangu ukateleza mbele, ukagusa kitu kama kokoto chini ya titi la kushoto. Nikatoa mkono.

"Yeyo, hii ni nini?"

"Maziwa ya ndugu yako yaliganda," ukasema. "Yatayeyuka."

Na nilikuamini. Sisi ni watu wa maziwa, tunajua yanaganda. Ndugu yangu alikuwa ameacha kunyonya zamani, lakini sikufikiria hivyo. Ulikanda na samli ya moto, ukafunga shuka juu zaidi. Kokoto likawa jiwe, jiwe likafunguka likawa kidonda, na mimi ndiye nilikuwa naosha kwa maji ya chumvi nikiwa nimeshikilia pumzi. Siku moja ukanishika mkono wangu ukiwa na kitambaa cha kuoshea, ukaniambia, "Enkerai ai, mwanangu, wakiuliza, sema ni kifua." Nikasema. Bado nasema.

Basi nikaanza vidonge. Na vikafanya kazi, sitadanganya juu ya hilo. Joto likapungua kama mtu ametoa sufuria kwa jiko. Nikalala. Nikaanza kumtania mume wangu tena, mpaka akauliza kama nimeokoka mara ya pili. Kisha asubuhi moja, nikinyanyua mtungi wa maziwa hapa kibandani, nikahisi matiti yananiuma. Yote mawili, yamejaa, yamekaza, kama wakati nilikuwa nanyonyesha Faith.

Yeyo, niliweka ule mtungi chini. Mteja alikuwa amesimama na chupa yake akiniambia, "Mama Faith, ni lita moja tu." Sikumsikia. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu Bisil, mkono wangu umeteleza.

Nilisimamisha vidonge siku hiyo hiyo, na joto likarudi kunidai usingizi wake. Nikakwama katikati. Nikimeza, nawaza labda nalisha kile kilichokula wewe. Nisipomeza, naungua, na ile sauti ya daktari inaniambia mifupa, moyo. Nikipiga magoti kuomba, mkono wenyewe unaingia ndani ya blauzi kutafuta kokoto. Natafuta mpaka ngozi inakuwa nyekundu, halafu sijui kama kinachouma ni ugonjwa ama ni vidole vyangu. Mchungaji anasema Mungu hakutupa roho ya woga. Najua. Lakini hiyo ya woga ilinikuta mahali pengine, na haitoki. Na juu ya yote, Yeyo, nimefikia umri wako. Mbele ya hapa wewe hukuenda. Kila asubuhi ninayoamka sasa ni kama naenda njia ambayo mama yangu hakuipitia kunionyesha.

Nikapanda gari nikaenda Bisil kwa mama mdogo. Nilitaka tu anikubalie. Nikamkuta anashona shanga kivulini mwa nyumba.

"Mama mdogo, daktari lazima ajue ukweli kuhusu Yeyo."

Sindano ikasimama. "Ukweli gani?"

"Ile haikuwa kifua."

"Nyamaza." Aliangalia mlangoni kama kuna mtu amesimama hapo. "Unataka kumwita? Mtu amepumzika, wewe unamwamsha na magonjwa? Ukimtaja, hicho kitu kinasikia pia. Kitajua nyumba yako."

"Na kama kinaijua tayari?"

Alirudi kwa shanga zake, lakini niliona anatunga nyeupe juu ya nyeupe, rangi ambayo haikuwa zamu yake. Aliponisindikiza barabarani alisema, "Wewe umesoma mpaka darasa la nane na bado unatafuta shida yenye haikutafuti." Hakunipa mkono.

Kurudi Kajiado nilienda peke yangu. Daktari aliponiita ndani, nilibaki nimesimama. Nikamwambia, "Nilikujibu vibaya. Mama yangu alikuwa na uvimbe kwa titi, ukafunguka, akafa nao. Alikuwa umri wangu." Nilisema haraka, kama mtu anamwaga maji machafu kabla hayajamrukia. Nilingoja anigombeze. Akanikalisha, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Asante kwa kuniambia, mama. Kwa nini hukusema?"

"Kwetu hatuwataji walioenda."

Akatingisha kichwa polepole. Akasema haya matiti kuuma mara nyingi ni vidonge vyenyewe, yanauma bila kuwa na ubaya ndani. Akasema pia kwamba kuwa na mama aliyeugua hakumaanishi lazima nami nitaugua, wala hakumaanishi estrojeni imefungwa kwangu kabisa. Lakini kwa sababu ulikuwa bado kijana, lazima apime kwanza. Nipigwe picha ya matiti, ndipo aamue na madaktari wenzake kama nirudie hivyo vidonge ama nipewe dawa nyingine ya joto isiyo ya homoni. Mpaka hapo nisimeze. Kisha akauliza swali lililonivunja: "Uko na wasichana? Na mama yako alikuwa na dada?"

Nikasema ndiyo na ndiyo. Akasema, "Hao pia wanafaa kujua."

Jioni hiyo nilimketisha Faith nikamweleza. Alisikiliza, akauliza, "Mum, sasa bibi alikuwa anaitwa nani?" Mtoto mkubwa wa chuo, Yeyo, na hajui jina lako. Nilifungua mdomo. Nikaishia kumwambia, "Nitakuambia."

Picha ni kesho. Ndio maana nakuandikia leo, kwa sababu kuanzia kesho nitajua, na naogopa kujua. Nimeosha mitungi yote, hata ile misafi. Nimempa mteja chenji ya mwingine. Nimesoma Zaburi moja mara nyingi mpaka maneno yakaacha kuwa maneno.

Na leo asubuhi, kabla sijafungua dirisha la kibanda vizuri, nikasikia, "Takwenya." Nikajua sauti. Mama mdogo alikuwa amesimama nje na shuka lake la safari, na mguuni vumbi la Bisil. Nilitoka nikainamisha kichwa, nikaitika. Alikaa kwenye kreti. Nikampa maziwa, akashika kikombe bila kunywa.

"Hayo ni mazuri, mama mdogo. Ni ya leo."

"Najua." Akakiweka chini. Kisha alichukua mkono wangu, huu ulioosha kidonda chako, akauingiza chini ya shuka lake upande wa kulia, akaukandamiza hapo.

"Nasieku," akasema, "na mimi yameganda."

Lilikuwa hapo, Yeyo. Kokoto lile lile. Sikutoa mkono safari hii.

Tulikaa hivyo, mteja akaja akaondoka. Hakulia, na mimi sikulia. Nilimwambia kesho tunaenda pamoja, daktari amwone naye, nitamshika mkono mpaka ndani. Akakubali kwa kichwa. Halafu, akiangalia barabara, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anaita jirani:

"Umwambie huyo daktari alikuwa anaitwa Nashipai. Umwambie Nashipai alikuwa dada yangu."

Nilitazama nyuma yangu. Ni mitungi tu ilikuwepo.

Sasa amelala kwa kitanda cha Faith. Nikimaliza hapa nitaenda kumwambia mtoto jina lako, kabla woga haujanifunga mdomo tena. Sina habari njema ya kukupa, Yeyo. Nakuomba tu usikasirike kwamba tumekuita. Tulijaribu kunyamaza, na hicho kitu hakikutuacha. Kama Mungu anakuruhusu, kesho ukae na sisi kwa ile benchi ya kungoja, mdogo wako upande mmoja, mimi upande mwingine.

Pumzika, Nashipai.

Mwanao, kifungua mimba wako,
Nasieku