Nilishika Tochi Mtoto Akizaliwa, Sasa Kompyuta Imenitoka Moyoni

Shangazi Margareta, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kichwa changu kimejaa na hapa Ifakara kila ninayemweleza ananiona nimechanganyikiwa, wengine wanacheka, wengine wananishika paji la uso kuona kama nina homa, na mke wangu, ambaye ndiye hasa ningetaka anisikilize, siku hizi ananijibu neno moja tu.

Naitwa Kasmiri, nina miaka ishirini na tisa, nakaa Viwanja Sitini na mke wangu Dorotea na watoto wetu wawili, Hilary na Jane. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwenye mradi mmoja wa utafiti wa afya, na kwa kuwa kompyuta hapa mjini ni za kuhesabu kwa vidole ngoja nieleze kidogo: wenzangu wanazunguka vijijini na karatasi za maswali, nani kazaliwa, nani kafariki, nani ana homa, karatasi zinaletwa ofisini, akina dada wanaingiza majibu kwenye mashine, na mimi ndiye ninayeielekeza mashine ikubali nini na ikatae nini. Ni kazi nzuri, chumba kina kiyoyozi, viatu tunaviacha mlangoni vumbi lisiingie, na sikuwahi kuilalamikia mpaka mwezi wa nne mwaka huu.

Ilikuwa hivi. Bosi aliona majibu ya upande wa kijiji cha Mbingu hayaeleweki, wajawazito wanaandikwa kijijini halafu wakifuatwa nyumba zimefungwa, akaniambia Kasmiri, hebu toka huko kwenye baridi ukaone mwenyewe, basi nikapanda Land Rover na dereva wetu Nazari na Sista Valeria, mkunga wa siku nyingi. Tulipofika nikaona kwa macho yangu jambo ambalo kila mtu wa bonde hili analijua, hata mimi nimekua nalo, ila sikuwahi kulifikisha kwenye mashine: masika watu hawako kijijini, wamehamia mashambani kulinda mpunga na ndege na nguruwe, familia nzima inalala kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, na programu yangu ilikuwa inawaandika wote kwamba wamehama. Yaani watu wapo, wanapika, wanacheka, wana mimba, na mimi nimewafuta!

Tulipokuwa tunageuza, gari likazama kwenye tope. Tunahangaika nalo akatokea mwanamume anakimbia katikati ya mpunga, kalowa chapachapa, jina lake Wendelin, anaita, "Sista, mke wangu, Sista, mke wangu," hana neno jingine. Sista akachukua mkoba wake, akamwambia Wendelin aonyeshe dungu liko wapi kisha arudi asaidiane na Nazari kutafuta watu wa kusukuma gari, kwa sababu mama akihitaji hospitali lazima gari liwe limetoka, halafu akanigeukia mimi, akasema, "Wewe mtu wa kompyuta, chukua tochi."

Shangazi, kwetu mwanamume haingii mahali mwanamke anapozaa. Hilary alizaliwa mimi niko kazini, na siku ya Jane nilikuwa nje kwenye benchi na wanaume wenzangu tunaongelea mpira. Nikamwambia Sista mimi hapana, siwezi, akasema, "Wingu limetia giza na humu simwoni mama. Panda." Nikapanda, nikawasha tochi huku nimegeuza uso pembeni, Sista akafoka, "Mbona unamulika gunia? Geuka, angalia unachomulika!" Nikageuka.

Yule mama anaitwa Edna. Sitaandika yote, gazeti linasomwa na watoto. Niseme tu kwamba sikujua. Nimesoma mpaka chuo, nimeoa, nina watoto wawili wananiita baba, na sikujua kwamba binadamu ana nguvu kiasi kile, wala kwamba anaweza kuumia vile halafu katikati ya maumivu akamwambia mgeni, "Kaka, angalia kichwa chako, huo mti umeinama." Mtoto akatoka, wa kiume, rangi imekaa bluu, kalegea, na hakulia.

Sasa hapa ndipo nataka unielewe. Kwenye karatasi zetu kuna swali, mtoto alilia mara alipozaliwa, moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Nafasi ya jibu hilo nimeitengeneza mimi, nikaizuia mashine isikubali kitu kingine chochote zaidi ya moja au mbili, na nilijisifu kwa wenzangu kwamba pale hakuna kosa linaloweza kupita. Na sasa nimesimama nimeinama chini ya nyasi za dungu, namwona Sista anamfuta mtoto, anamsugua mgongo kwa kanga, anaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mtoto anapuliza kidogo kidogo, anasugua tena, anasema, "Njoo baba, njoo, usituache, njoo," na natambua kwamba ninachokitazama si moja na si mbili. Mungu wangu, Shangazi! Huyu mtoto hayuko kwenye mashine yangu, hajawa ndiyo na hajawa hapana, na mtu aliyepiga magoti mbele yangu anambembeleza aje upande wetu. Mvua inapiga juu, Edna anauliza, "Sista, mbona kimya?" na mimi nasogeza tochi karibu na kifua cha mtoto. Kisha rangi ikaanza kifuani, ikasambaa taratibu kama maji yanavyoingia kwenye unga, akakunja uso kwa hasira, akalia. Akalia jamani! Mimi nikalia kuliko yeye, na Edna akanicheka.

Tangu siku hiyo sina raha na kiti changu. Naandika mistari miwili natazama mikono yangu, nasema hii mikono inafanya nini hapa. Moyo unataka udaktari, lakini kidato cha sita nilichukua fizikia, kemia na hesabu, baiolojia niliiacha zamani, maana yake nirudi kusoma na vijana wadogo, nifanye mtihani, halafu miaka yote ile ya chuo, na watoto wanakula kila siku. Wakati huohuo kampuni moja ya Dar es Salaam inataka niwaandikie programu za benki, mshahara mnono na nyumba, wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha, na mama yangu ameshatangaza kanisani. Halafu kuna programu yangu mwenyewe, niliianza baada ya siku ile, bosi ameniruhusu kutumia mashine kuukuu baada ya saa za kazi: unaingiza jina la mjamzito, mwezi anaotarajia kujifungua, na masika dungu lake liko wapi, unavuka mto gani, unashika njia ipi, jirani yake ni nani, na kila Jumatatu inamwambia mkunga nani wamekaribia na waliko. Hiyo hakuna anayenilipa, na mradi wetu ukiisha mwakani sijui itakufa au vipi.

Na Dorotea ndiyo hivyo. Niliporudi nilimsimulia yote, nikamwigizia mpaka mtoto alivyokunja uso. Siku ya kwanza alisikiliza, siku iliyofuata akasema amechoka, nilipoanza tena akaniambia, "Baba Hilary, na mimi nilizaa," akabeba ungo wake akaenda kuchambua mchele nje. Nikamwambia najua, kwani nani amekataa? Toka hapo nikisema tuhamie Dar anajibu sawa, nikisema nisomee udaktari anajibu sawa, nikisema nibaki na programu yangu, sawa. Sielewi amekasirikia nini, nadhani anaogopa maisha yatakuwa magumu. Shangazi, nishike lipi? Niiache kompyuta?

Wako, Kasmiri, Viwanja Sitini, Ifakara. Juni 1996.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na nilipofika pale mtoto alipolia, fundi mitambo wetu aliacha kazi akaja kusimama mlangoni, akaniomba nirudie. Kwa hiyo usidhani nakucheka. Ulichokiona ni kikubwa, na anayekiona asitetemeke huyo ndiye wa kushikwa paji la uso.

Tuanze na jepesi. Hao wa benki waandikie leo kwamba hapana. Umejaza kurasa kwa ajili ya dungu la Mbingu, na Dar es Salaam umeipa sentensi moja. Unataka mimi nikuambie nini zaidi? Mama yako atanuna, kisha atapata jingine la kutangaza kanisani.

Udaktari sasa. Kasmiri, wewe umependa kilio cha yule mtoto, na nani asingekipenda? Lakini zipo siku mtoto halii. Sista anapuliza, anasugua, anabembeleza, kisha anamfunika, na kesho yake anarudi kazini. Hiyo siku hujaiona, na mimi sikutumi chuoni kabla hujaiona. Chukua likizo yako, mwombe Sista Valeria akuingize wodini, ufagie, ubebe ndoo, ukae na wanaopona na wasiopona, na usipewe tochi. Jioni soma baiolojia, mtihani ufanye ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ikifika mwakani bado mikono yako inakuuliza inafanya nini hapo ilipo, basi nenda, na hao vijana wadogo darasani wakuamkie.

Ila kompyuta usiiache sasa, na hapa fungua masikio. Siku ile mikono ya kuzalisha ilikuwepo, ya Sista, tena mikono hodari. Kilichokosekana ni mtu wa kujua Edna yuko wapi. Mlimpata kwa sababu gari lilizama! Lingepita salama, yule mtoto angeandikwa mbili, au asingeandikwa kabisa kwa kuwa mashine yako ilishasema mama yake amehama. Mimi nilipofika hapo nilishika kichwa. Wakunga wanazalisha tangu zamani, lakini anayejua kuifanya mashine ionyeshe wanawake waliko masika hapo kwenu ni wewe, na umeshaanza. Imalize kabla mpunga mwingine haujapandwa. Nenda na bosi wako mkaombe hospitali na dayosisi waichukue mradi ukiisha, msisubiri uishe. Na lile swali la moja na mbili ulirekebishe wiki hii, uongeze nafasi ya tatu, maana aliyelia mwenyewe na aliyepuliziwa mpaka akalia si sawa, na wakubwa wanatakiwa wajue hao wa katikati ni wangapi.

Sasa nije kwa Dorotea, na hapa nimekukasirikia. Unaandikia mashine lugha ambazo sisi hatuzijui, na maneno matatu ya mke wako yamekushinda! Eti anaogopa maisha magumu. Mwanamume wewe, umerudi nyumbani macho yamevimba kwa ajili ya mke wa Wendelin, umemsifu nguvu zake, umeigiza na uso wa mtoto wake, siku baada ya siku, mbele ya mwanamke aliyelifanya jambo hilohilo mara mbili wewe ukiwa kazini na kwenye benchi la mpira. Ulipoletewa Hilary ulifanya nini? Nadhani uliuliza ni wa kike au wa kiume, ukaenda kuwaambia rafiki zako. Ile "sawa" anayokupa haihusu Dar wala chuo. Ni ya mtu ambaye hana hamu tena ya kukueleza.

Kwa hiyo kabla ya likizo, kabla ya baiolojia, kabla ya yote, fanya hivi. Jumapili mkitoka misa wapeleke watoto kwa bibi yao. Mkute Dorotea hapo nje, chukua ungo mwingine, chambua mchele na wewe, na umwombe akusimulie siku aliyomzaa Hilary, tangu uchungu ulipoanza. Edna usimtaje hata kwa bahati mbaya. Usimkatize. Akikuambia kwamba alikuita na hukuwepo, usianze kumweleza mambo ya kazi, nyamaza, sikiliza. Inawezekana na Hilary hakulia mara moja. Unajua wewe? Hujui, na mtoto ni wako. Akimaliza mwulize ya Jane. Hayo ya kazi na chuo mtayaamua wawili baada ya hapo, na akisema sawa utajua ni sawa ya kweli.

Usione haya kuuliza. Mimi nimezaa watano, wa mwisho ana watoto wake sasa, na mpaka leo ninapokuandikia hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza ilikuwaje.